Kichupa cha Dirisha la Baba

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Ila kwa hili, kila nikitafuta wa kumkasirikia, najikuta mwenyewe.

Kazi yangu ni kupima hewa. Watu wakisikia wanacheka: "Hewa nayo mnaipima kwa kilo?" Basi nawaeleza. Mtu akitaka kujenga jumba kubwa mjini, maduka chini, ofisi katikati, nyumba za kuishi juu, lazima kwanza ijulikane mtaa una moshi kiasi gani na jumba litaongeza kiasi gani. Natundika vichupa vya plastiki, kila kimoja urefu wa kidole, kwenye nguzo na madirisha. Vinakaa nje mwezi mzima vikinasa moshi wa magari, kisha navipeleka maabara. Havina betri wala waya. Kazi yake ni kukaa nje tu.

Safari hii kiwanja kilikuwa mkabala na nyumba ya wazazi wangu. Chini ya ardhi yangeegeshwa magari mia nne, na moshi wake ulihitaji bomba la kutokea. Ama litokee barabara kuu, ama kichochoroni, mita sita kutoka dirisha la baba.

Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma miaka thelathini na minane. Mtaa mzima unamwita Mzee Cheche. Ule moshi wa kuchomelea umemmaliza mapafu. Siku hizi anashinda kwenye kiti, hapo dirishani, maana ndipo anapopata pumzi. Ukimuuliza hali anasema, "Tunapumua kwa zamu, mwanangu. Leo zamu yangu."

Ofisini kuna kanuni: hupimi kwa ndugu yako. Nikaivunja, tena kwa makusudi. Kichochoro kile malori yanashusha mizigo tangu alfajiri, injini zikiunguruma. Nilitaka namba kubwa iandikwe, bomba lipelekwe kwingine. Nikatundika kichupa kwenye kona ya dirisha la baba, nikamwambia mama, "Tafadhali, hiki kisipotee. Kikipotea nimekwisha. Nitakifuata tarehe kumi."

"Wewe nenda kazini," akasema mama. "Hilo niachie mimi."

Majibu ya maabara yakaja. Nguzo ya kona, hamsini na nane. Nguzo ya sokoni, hamsini na tatu. Dirisha la baba, sita. Sita! Hata porini sijawahi kupata sita.

Bosi alifurahi kama aliyeokota kitu njiani. "Unaona? Kichochoro hewa yake safi, bado kina nafasi ya kubeba moshi. Bomba litokee huku." Akazungushia duara jekundu kwenye ramani, mchoro ukapelekwa siku hiyohiyo.

Nikaenda mbio nyumbani. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Mama, kile kichupa ulikifanyaje?"

"Nilikifanyaje? Nilikitunza!" Akafungua kabati la vyombo vya wageni, akanionyesha mahali, nyuma ya birika la kauri ambalo hatujawahi kulinywea chai. "Ulivyoondoka tu, likapita lori, vumbi hilo! Nikasema, kitu cha kazi ya mwanangu kichafuke hivi? Nikakifuta, nikakifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikakiweka hapa. Tarehe kumi asubuhi nikakirudisha dirishani, kipya vilevile."

Mungu wangu. Nyumba ile rimoti imevaa nailoni tangu inunuliwe. Nimekulia mle, ningepaswa kujua. Miaka kumi na moja kazini, nikashindwa kumwambia mama yangu sentensi moja: kichupa hiki kazi yake ni kuchafuka. Nilitaka kupiga kelele hadi majirani watoke.

"Kwani nimekosea?" akauliza.

"Hapana, mama."

Kesho yake nikamweleza bosi kila kitu. Akasimama, akafunga mlango.

"Dirisha la baba yako?"

"Ndiyo."

"Unajua wenye jumba wakisikia, watasema tulitaka kupika matokeo?"

"Basi tupime upya."

"Mwezi mzima? Kikao cha kibali kesho kutwa." Akageukia kompyuta, akaifuta nukta ya dirisha la baba kwenye ramani. Ilichukua muda wa kupiga chafya. "Haya. Kichochoro hakikupimwa."

"Na bomba?"

"Linabaki. Pasipopimwa, hakuna wa kulipinga."

Kikaoni nilikaa nyuma. Mwenyekiti akauliza kama kuna pingamizi. Nikasimama, nikasema kuhusu mzee wangu na mapafu yake, nikasema kuhusu malori. Akanisikiliza kwa upole kabisa, hilo ndilo lililoniuma.

"Una vipimo vya hapo, dada?"

"Sina."

"Asante. Kaa."

Jumba limefunguliwa sasa. Lina kioo kila upande, watu wanapiga picha mlangoni. Kichochoroni kuna wavu wa chuma mpana kama mlango, unapuliza joto na moshi kutwa nzima. Mama amefunga dirisha, nyufa ameziziba kwa magazeti. Baba bado anakaa palepale, anatazama kioo kilichofungwa. Nikimuuliza hali ananionyesha kiganja tu, kwamba nisubiri kwanza avute pumzi. Mara nyingine nasubiri mpaka naondoka.

Jumapili iliyopita mama alinisindikiza mlangoni. Akanishika mkono, akashusha sauti baba asisikie.

"Wale wenzako hawarudi tena kupima?"

"Sijui, mama."

"Wakirudi, niletee kile kichupa. Mara ile nilikiacha dirishani asubuhi ile moja, labda ndiyo kikaharibika. Safari hii sikitoi kabatini hata kidogo."

Nikamwambia, "Sawa, mama."