Mkono Unaorudi Kiunoni

Mama Euphrasie alizoea kuukuta ukumbi ule wa kanisa, pale Peckham, ughaibuni, ukiwa mtupu kila Jumamosi asubuhi. Siku hiyo ya mwaka 2004 aliingia kufanya usafi, na ndoo na ufagio wake, akakuta wanaume wanane wamevaa makoti, na mezani bastola za plastiki za buluu zimepangwa kama vijiko vya harusi.

"Usiogope, Mama, hizi hazilii," alisema mwalimu wao, Njoroge, Mkenya aliyewahi kuwa polisi. "Za kweli watapewa huko Baghdad, wakalinde wakubwa wa kampuni. Mimi nawafundisha kuzibeba bila mtu kujua."

"Bila mtu kujua?" Mama akaegemea mpini wa ufagio. Miongoni mwa wale wanane alikuwamo Magloire, mtoto wa shemeji yake, aliyemlea tangu watoke Bukavu. Kumbe mtihani aliomtajia nyumbani ndio huu. Akifaulu, anaondoka Jumatatu. Akianguka, anarudi kupanga mizigo ghalani Hayes.

Mama alidhani ataona watu wakilenga shabaha. Wapi! Saa nzima walifundishwa kutazama milango, kupaza sauti, kumsukuma bwana wao garini.

"Ukifikia kuitoa bastola, mambo yameshaharibika," Njoroge aliwaambia.

Kisha mtihani. Watatu wanaingia nyuma ya pazia, mmoja anapewa bastola, halafu wote wanatembea katikati ya viti kana kwamba wako sokoni Lewisham. Wenzao wabahatishe ni nani anayo. Walibahatisha wakakosa.

"Ni huyo wa koti la kijivu," Mama alisema, ufagio mkononi.

Kweli. Kundi la pili, akapata tena.

"Mama, ulikuwa jeshini?"

"Jeshi gani, Mwalimu! Mkono unarudi kiunoni. Kama mwanamke aliyefunga kitu kwenye kitenge, kila mara anagusa aone kama bado kipo."

Njoroge akacheka, akampa kiti. "Basi leo Mama ndiye mtihani. Akikuona, umeanguka. Kila mtu ana nafasi mbili."

Magloire alipopita alimtazama kwa jicho la kuomba. Mama akamwomba Mungu ruhusa ya uongo mdogo. Hakuipata.

"Ni Magloire."

Mama alipokwenda jikoni mwa ukumbi, kijana akamfuata, amenuna. "Mama mkubwa, si ungenyamaza tu!"

"Nikinyamaza hapa, huko Baghdad nani atakunyamazia?" Akafuta mikono. "Mwaka ule wa vita, Padri alinipa kikopo cha Ekaristi nikivushe kwenye kizuizi cha askari barabarani. Nilikificha hapa kifuani. Wanawake waliojigusagusa, askari waliwapekua. Mimi mkono wangu ulikuwa na kazi." Akatoa rozari mfukoni mwa aproni.

"Mimi mlokole, Mama mkubwa! Mchungaji akiniona?"

"Sijakwambia usali. Shika tu. Mkono wa kushoto, mfukoni. Wa kulia uache huru."

Zamu ya pili, Magloire alitoka na wenzake wawili. Mama aliwakazia macho. Magloire alitembea kama anayetafuta nyanya nzuri. Mwenzake Kizito, nyuma yake, alijishika kiuno mara mbili.

"Kizito," alisema Mama, bila shaka yoyote.

"Mimi? Mkanda unanibana tu!"

Magloire akafungua koti. Bastola ya buluu ilikuwa pale. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na Mama akapiga pamoja nao, anacheka, mpaka lilipomjia neno Jumatatu. Kicheko kikakatika.

Magloire alikuja mbio kumrudishia rozari.

"Kaa nayo," alisema Mama. "Utaniletea mwenyewe."

Wakatoka. Mama akaanza kupiga deki. Njoroge alikuwa anakusanya bastola kwenye sanduku, akaacha, akamwangalia.

"Mama," akasema polepole, "sasa anayegusa ni wewe."

Akajitazama. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni, mtupu, unapapasa pale ilipokuwa rozari.