Midomo ya Willa Kostka

Jumapili alasiri, wazee wa San Francisco walikuwa na mchezo wao katika ukumbi wa Gil Tavares: kuwinda waandishi. Gil aliwaonyesha filamu za enzi za nywele ndefu, zile ambazo wapiga picha waliingia tu bustanini wakawarekodi watu walivyo. Anayemtambua mwandishi katikati ya umati hupiga kelele, "Simamisha!" Ukumbi ukiridhika, jina linaandikwa ubaoni.

Ila walikuwa na kilema chao. Kila mwenye ndevu kwao ni mshairi. Muuza maputo mmoja alikaa ubaoni mwaka mzima.

Jumapili moja Juniper alikuja na mama yake, Willa Kostka. Vitabu kuhusu enzi zile vilimtaja Willa kama mke wa mshairi Everett Lund, aliyewapikia wenzake supu, basi. Mashairi ya Willa mwenyewe hayakutajwa. Juniper alitaka watu wamjue mama yake kwa kazi yake, naye angali hai, asikie.

Filamu ikafika bustanini.

"Simamisha!" Gil akaruka. "Lund huyo! Ndevu zile nani asiyezijua?"

Wakapiga makofi. Juniper akasimama.

"Mtazameni wa pembeni yake, mama yangu huyo, mwenye karatasi. Ndiye anayewasomea watu shairi lake. Lund kashika mtoto tu, na mtoto mwenyewe ni mimi."

"Anasoma bei ya maziwa huyo!" akadakia mzee Barnaby, mwenye kofia. Ukumbi ukaangua kicheko.

"Tutajuaje, dada?" Gil akauliza kwa upole. "Hapo gitaa limefunika sauti zote."

Willa akamvuta bintiye mkono. "Waache, mwanangu. Everett alipenda kutazamwa, wacha atazamwe."

"Na wewe uitwe mpishi mpaka lini, mama?"

"Mpishi!" Willa akacheka. "Supu yenyewe alipika yeye, chumvi tupu." Kisha kicheko kikamwisha. Akajiinua polepole. "Gil, baba, rudisha nyuma kidogo. Na hilo gitaa lizime."

Picha ikaanza upya, kimya. Willa akatazama mbele, akasema:

"Mji huu umesimama juu ya mchanga, nami nimeupenda peku…"

Midomo ya Willa kijana kwenye picha pale ukutani ikafunguka pamoja na yake, ikafumba pamoja na yake. Yule akivuta pumzi, na huyu anavuta. Neno kwa neno, bila kupishana. Juniper alihisi shingo yake ikinyooka yenyewe.

Barnaby akavua kofia.

Bustani ikapita, zikaja pikipiki barabarani, lakini Willa alikuwa hajamaliza. Gil akazima mtambo, akawasha taa ili wamwone vizuri.

"Endelea, bibi," Barnaby akasema. "Tunasikiliza."

Willa akaendelea, sauti juu, mpaka ubeti wa mwisho.