Mjeledi wa Vipimoni

Katika nchi ya Vipimoni hapakuwa na kitu kilichotukuzwa kuliko namba. Mtoto alipozaliwa, jamaa waliuliza uzito wake kabla ya jina lake. Mposaji alikubaliwa au kukataliwa kwa alama zake za darasani. Na maiti alizikwa na cheti chake kifuani, ili huko aendako asidharauliwe. Lakini fahari kuu ya nchi hiyo ilikuwa Siku ya Madaraja, ambapo matokeo ya mitihani ya watoto yalitangazwa katika uwanja wa mji mkuu, Hukumuni. Walimu ambao madarasa yao yaliongoza walivishwa majoho ya hariri; ambao madarasa yao yalishika mkia walivuliwa mashati na kuchapwa mjeledi hadharani.

Desturi hiyo ilikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilionekana kwa macho. Madarasa ya waliochapwa yalipanda mwaka uliofuata, na ya waliovishwa hariri yalishuka. Basi Waziri Yakini, msimamizi wa elimu, mtu ambaye tangu utotoni hakupata kutamka neno “labda”, alihitimisha kwamba sifa hulevya na mjeledi huponya. Kila mwaka akaurefusha mjeledi na kulifupisha joho.

Udadisi, binti wa Mwalimu Stahamala, alikuwa mwanachuoni wa takwimu, akiitumia elimu hiyo kuchunguza akili za watoto na kazi za walimu wao. Alipothubutu kusema barazani kwamba mjeledi haujamponya mtu, alikamatwa na kupelekwa mbele ya Kadhi Mazoea, ambaye hukumu zake zote zilikuwa zimekwisha kutolewa na marehemu baba yake.

“Binti Stahamala,” Kadhi alianza, “unakana kwamba waliochapwa hupanda?”

“Sikani, Mheshimiwa. Hupanda.”

“Na waliosifiwa?”

“Hushuka.”

“Basi kesi imekwisha!” alisema Waziri Yakini, akiketi kwa raha.

“Haijaanza,” Udadisi alijibu. “Alama za darasa ni mchanganyiko wa uwezo na bahati. Mwaka huu surua imewalaza watoto. Mwaka huu mvua imepiga bati wakati wa imla na hakuna aliyesikia neno. Darasa lililoshika mkia, mara nyingi, limepatwa na udhaifu na mkosi kwa pamoja. Udhaifu hukaa, lakini mkosi hauna ahadi ya kurudi mwakani. Kwa hiyo litapanda, mwalimu wake achapwe au abembelezwe. Na lililo juu litashuka vivyo hivyo, mwalimu wake avishwe hariri au gunia.”

“Mimi nimeona kwa macho yangu!” Waziri alifoka.

“Umewaona wa mwisho waliochapwa, Mheshimiwa. Wa mwisho wasiochapwa uliwaona lini?”

Watu wa namna hiyo hawakupata kuwako Vipimoni. Ndipo Udadisi alipoomba kwamba mwaka ule walimu wa mwisho wagawanywe kwa kura, nusu wachapwe na nusu wasamehewe, kisha matokeo ya mwaka utakaofuata yaseme.

“Kwa nini kura?” Kadhi aliuliza. “Huwezi kuwachagua wanaostahili huruma?”

“Nikichagua mimi, nitachagua kwa moyo. Akichagua Waziri, atachagua kwa moyo. Moyo ukiingia, jaribio limeharibika.”

Kadhi aliridhia, kwa sharti kwamba Udadisi akishindwa atahama nchi.

Siku ya Madaraja ilipofika, jina la Mwalimu Stahamala lilikuwa miongoni mwa wa mwisho, kwani ni darasa lake lililopatwa na surua. Vijiti vyenye majina vilitiwa chunguni, nusu itakayotangulia kutoka ikiwa ya kuchapwa, na Udadisi mwenyewe akawa anavitoa. Kimoja cha vile vya kuchapwa kilikuwa cha baba yake.

Waziri Yakini aliinama karibu naye. “Kirudishe,” alinong’ona. “Hakuna aliyeona. Mimi nitanyamaza.”

Udadisi alitazama uwanjani. Baba yake alikuwa amekwisha kumsoma usoni, na tayari alikuwa akifungua vifungo vya shati. Udadisi alilisoma jina lile kwa sauti, akaingiza mkono chunguni kutoa jingine.

Usiku ule Udadisi alimkanda baba yake mgongo kwa maji ya vuguvugu.

“Ulifanya sawa,” alisema Mwalimu Stahamala, uso wake kwenye mto. “Ila usiniulize kama nimefurahi.”

Mwaka ulipita. Matokeo yalipotoka, madarasa ya waliochapwa yalikuwa yamepanda, na ya waliosamehewa yalikuwa yamepanda kiasi kile kile. Udadisi aliyasoma mbele ya baraza, na kwa mara ya kwanza alijiruhusu kutabasamu. Waziri Yakini alisimama bila haraka.

“Waliosamehewa walikuwa wapi wenzao walipokuwa wakichapwa?”

“Uwanjani, Mheshimiwa, kama watu wote.”

“Walisikia mlio?”

“Walisikia.”

“Basi!” Waziri alinyanyua mikono. “Mjeledi ni dawa kali hata humponya anayeusikia tu!”

Baraza lilishangilia. Udadisi alihisi damu ikimpanda masikioni. Mwaka mzima, na mgongo wa baba yake, na majibu meupe kama mchana, yote yamemezwa na mtu huyu kama funda la maji! Alitaka kupiga kelele. Badala yake alisema, kwa kejeli iliyokolea, “Kama mlio watosha, mwili wa mtu una kazi gani? Si ichapwe ngozi kavu ya ng’ombe tu, walimu wakasikia?”

Lakini kejeli haikujulikana Vipimoni, kwa kuwa haina kipimo. Uso wa Waziri uling’aa.

“Ndilo hasa nililotaka kusema!”

Kadhi Mazoea aliandika amri palepale: tangu siku ile ngozi ichapwe kwa niaba ya walimu. Udadisi hakuhamishwa wala hakusafishwa na shitaka. Alishukuriwa kwa kumsaidia Waziri kufikiri.

Alirudi nyumbani akapigiza mlango.

“Ni uongo, Baba! Wameamua jambo jema kwa sababu ya kipumbavu. Kesho akija mwenye upumbavu mwingine, mjeledi utarudi!”

Mwalimu Stahamala alikuwa akisahihisha madaftari. “Yawezekana,” alisema. “Lakini mgongo wangu hausomi sababu, mwanangu. Wenyewe unajua tu kama umechapwa.”

Udadisi aliketi, akalia kidogo kwa hasira. Kisha alifuta macho kwa ncha ya kanga, na kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni pa Waziri.

“Mheshimiwa, nimekuja na ombi. Miji ya Vipimoni imeachana mbali, mlio wa mmoja haufiki mwingine. Katika nusu ya miji, itakayopatikana kwa kura, ngozi ichapwe. Katika nusu nyingine itundikwe tu, isiguswe.”

Waziri Yakini alimtazama kwa shaka. “Ya nini?”

“Tupate kujua nguvu ya mlio wako, Mheshimiwa.”

Waziri alizunguka chumbani, mikono nyuma, akitafuta mtego ulipofichwa. Hakuna ambaye angeumia. Hakuna ambaye angelalamika. Na ng’ombe alikuwa amekwisha kufa. Alifungua kinywa akakifumba, akakifungua tena, na neno lililomtoka lilimshtua yeye mwenyewe.

“Labda,” alisema.