Ibada ya Saa Nne

Siku ya kupiga kura, mzee wa kanisa aliyebandikwa jina la Mzee Saa alifika kituoni na suti yake iliyonyooka, Biblia kwapani. Foleni ilikuwa imeuzunguka uwanja mzima wa shule.

"Nipisheni, ndugu zangu. Saa nne nina ibada ya kuliombea taifa. Nawahi kwa ajili yenu!"

Ulimi hauna mfupa. Watu wakampisha kwa kuheshimu mvi zake. Hata mama mfagiaji wa kanisa, aliyevimba miguu, alisogea pembeni.

Mzee Saa akatumbukiza kura yake, akavuka barabara kuingia kanisani na wino mbichi kidoleni. Saa nne kamili alipiga kengele, akasimama mbele na kufungua kitabu.

"Bwana asifiwe!"

Mabenchi yalikuwa matupu, yanang'aa kwa kazi ya mama yule. Ndipo akili ikamrudia: wanakwaya, mashemasi, wajane, wote alikuwa amewapita kwenye foleni, na wengine amewapiga kikumbo.

Akavua koti, akajitwika benchi la mbele, lile analokalia yeye kila Jumapili, akavuka nalo barabara mpaka kwa mama mfagiaji, aliyekuwa bado kwenye foleni.

"Mzee, ibada imekwisha mara hii?" mama akauliza.

"Haijaanza, mama," akajibu, akilitua benchi nyuma yake. "Kaa kwanza."