Kitambaa Cheupe Chini ya Bati

Mtaani kwao hakuna aliyemwita kinyozi yule kwa jina lake. Walimwita Kwa Muda, na jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kitasa kilipolegea, alifunga mlango kwa waya akasema, "Hii ni kwa muda tu." Mguu wa kitanda ulipovunjika, aliweka tofali, kwa muda. Dirisha la jikoni alilizibia kipande cha boksi kwa muda, na boksi likakaa pale hadi watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, wakaondoka. Kwenye kiti chake cha kunyolea alikuwa mtu mwingine kabisa. Kule, unywele mmoja uliovuka mstari ulimkosesha raha. Akivuka kizingiti cha nyumba yake, umakini wote aliuacha huko pamoja na mkasi.

Paa ndilo lililobeba aibu yote. Mabati yalikuwa yametobolewa na kutu, na kila tundu lilikuwa na kiraka chake: hapa lami, pale mshumaa ulioyeyushwa, na juu ya kitanda soli ya ndala iliyokatwa ikapigiliwa msumari. Mvua ikianza, mkewe aliinuka na kupanga mabeseni bila hata kufikiri. Alijua la bluu linakaa wapi, na sufuria iliyopoteza mfuniko inakaa wapi.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, tena si wa kubahatisha. Siku moja alimaliza kushona gauni la bibi harusi, akalitundika kwenye pembe ya sebule, mahali pekee palipokuwa hapavuji. Akaenda sokoni kutafuta vifungo. Mvua ikanyesha. Aliporudi alikuta mstari wa kutu umeteremka kuanzia begani mwa gauni hadi kwenye pindo. Mumewe alikuwa humo humo sebuleni, amejilaza kwenye kochi, usingizi wa pono.

Mke hakupiga kelele. Kelele Kwa Muda alizizoea na dawa yake aliijua. Mama yule alinunua kitambaa kingine, akaenda kwa dada yake kuazima cherehani na kulishona gauni upya. Alipomaliza, akarudi kuchukua cherehani yake.

"Mama watoto, paa nitalitengeneza," Kwa Muda alisema, akiwa amesimama mlangoni kama mgeni. "Nipe muda."

"Muda nimeshakupa, baba. Nimekupa ujana wangu mzima." Akakaza kamba aliyofungia cherehani. "Nitarudi siku nitakapoweza kutandika kitambaa cheupe popote ndani ya nyumba hii, mvua ikinyesha, bila kutazama juu."

Akaondoka. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Kwa Muda hakuwa amejua jinsi mlio wa ile cherehani ulivyokuwa ukimliwaza, mpaka ulipokoma. Alimpenda mkewe, na ilimuuma kwamba mkewe ameshindana na paa akashindwa, ilhali yeye mumewe ndiye aliyekuwa upande wa paa.

Kumwita fundi wa mabati hakutaka. Aliyeliharibu paa kwa mikono yake mwenyewe, kwa mikono hiyo hiyo angelitengeneza. Akaenda duka la vifaa vya ujenzi.

"Yapo mazito na yapo mepesi," mwenye duka alimwambia. "Mazito bei imechangamka. Mepesi yanang'aa zaidi."

Kwa Muda alibonyeza bati jepesi kwa kidole gumba. Likabonyea. Aliliona hilo kwa macho yake mawili, akajifanya hakuliona. Akabeba mepesi.

Akang'oa mabati ya zamani, akapanda na nyundo. Msumari wa kwanza aliupigilia kwenye mgongo wa bati, pale palipoinuka, na mgongo ukasinyaa kama kopo lililokanyagwa. Akajaribu wa pili, yakawa yale yale. Basi akahamia bondeni, pale bati linapolalia mbao. Huko misumari ilizama vizuri, bati halikupinda, na kazi ikaenda mbio. Alipomaliza, paa liling'aa hadi majirani wakafumba macho. Alivimba kichwa! Akampelekea mkewe salamu: mawingu yakikusanyika, njoo na kitambaa chako.

Mkewe alikuja, na dada yake akamfuata nyuma, maana shemeji yule hakuwa mtu wa kupitwa na jambo. Kitambaa kikatandikwa katikati ya sebule. Mvua ikashuka. Kwa Muda akakunja mikono kifuani, akatabasamu.

Tone la kwanza liliangukia kitambaa. La pili likaanguka pembeni yake. La tatu likafuata, yote kwenye mstari mmoja ulionyooka, sambamba na mbao za paa.

"Shemeji, hongera," dada mtu alisema. "Zamani lilikuwa linavuja ovyo. Sasa linavuja kwa mpangilio."

Mkewe hakucheka. Alikikamua kitambaa taratibu, akakikunja, akamtazama mumewe kwa huruma iliyomchoma kuliko dhihaka ya shemeji. "Yanapendeza lakini," alisema, na wakaenda zao.

Mvua ilipokatika, Kwa Muda alipanda ngazi na jagi la maji. Akamimina maji juu kabisa ya paa, akakodoa macho. Maji hayakukaa migongoni hata kidogo. Yaliteremka bondeni, yakakimbilia msumari, yakauzunguka, yakazama. Yakakimbilia wa pili. Kumbe alikuwa ameyachimbia maji mlango katika kila njia yanayopita! Kichwani kwa mteja asingefanya kosa hilo. Akimwagia mtu maji, anajua yatafuata mstari wa nywele uliochanwa, na hapo ndipo anapoweka taulo. Na kwa nini aliupeleka msumari bondeni? Kwa sababu mgongo ulisinyaa. Na kwa nini ulisinyaa? Kwa sababu bati lilikuwa jepesi. Kosa lilikuwa limeanzia dukani, kwenye kidole gumba chake.

"Usijitese," mwenye duka alimshauri aliporudi kwake. "Chukua kopo la lami, paka juu ya kila msumari. Msimu huu utavuka."

Funika kombe mwanaharamu apite. Kwa Muda alilichukua kopo, akapanda nalo, akachovya brashi. Mkewe asingejua. Angetandika kitambaa, kingebaki kikavu, cherehani ingerudi mahali pake. Msimu ujao ni wa kesho, na ya kesho anayajua nani? Akainamia msumari wa kwanza, na akajisikia akinong'ona peke yake juu ya paa: "Hii ni kwa mu..."

Aliona haya, tena haya zenyewe, zile za kupasha masikio moto, ingawa hapakuwa na mtu. Akafunika kopo, akashuka.

Safari hii alipofika dukani alirudisha kopo la lami, wala hakuuliza kipi kinang'aa. Alibonyeza bati kwa kidole gumba, akabonyeza kwa nguvu zote, hadi kidole kikamuuma yeye na bati likabaki lilivyo. Alichukua hayo. Akachagua misumari yenye kofia pana na mpira chini yake, akiupinda mpira mmoja mmoja kuona kama umekauka. Akiba aliyokuwa ameiweka anunue kioo kikubwa cha saluni ikaishia hapo, na hakuijutia.

Alipong'oa yale mepesi, alichokoa kila mbao kwa ncha ya mkasi wake. Moja, iliyokuwa imekunywa mvua za miaka yote, ilimeza mkasi kama mkate. Kwa Muda wa zamani angeifunga waya. Yeye aliitoa, akaweka mbao nzito iliyotiwa dawa ya mchwa. Akavuta uzi kutoka pembe hadi pembe, akapanga mabati kwa kuufuata kama anavyochonga mstari wa nywele kwenye paji la uso. Kila bati alililaza juu ya ukingo wa mwenzake, la juu likilifunika la chini. Kila msumari aliupigilia mgongoni, na mgongo ukasimama imara, na mpira ukakaa vizuri chini ya kofia. Wateja walikuja kuchungulia, vichwa vimeota misitu.

"Kwa Muda, unafungua lini?"

"Nikimaliza."

"Unamaliza lini?"

"Likiwa tayari!" alijibu kutoka juu, na mtaa mzima ukashangaa, maana jibu hilo hawakuwahi kulisikia kinywani mwake.

Mabati mepesi aliyageuza uzio wa bafu la nje, ambako kuvuja si dhambi. Kwa mkewe hakupeleka salamu. Safari hii alitaka kwanza mvua imjaribu yeye peke yake.

Ilikuja mchana, akiwa kazini, mteja kanyolewa nusu. Matone mazito yalipogonga mlango wa saluni, Kwa Muda aliweka mashine chini, akatoka mbio.

"Na nusu hii?" mteja alipiga kelele, shuka likiwa bado shingoni.

Nyumbani alikuta mlango uko wazi. Mkewe alikuwa ameketi sakafuni kwenye ile pembe, pale pale gauni lilipoharibikia. Kitambaa cheupe kilikuwa kimetandikwa mbele yake. Hakuwa anatazama juu. Alikuwa anatazama kitambaa.

Kwa Muda aliketi upande wa pili. Mvua ilinguruma juu ya bati, sauti nzito, ya bati lenye uzito wake. Walikaa hivyo, mke na mume, wakisubiri tone. Mvua ikaongezeka, ikapiga kwa upepo, ikachoka, ikapungua, ikakatika.

Mama yule alipitisha kiganja juu ya kitambaa kutoka pindo hadi pindo. Akakiinua, akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Hata doa hakuna.

"Kikavu," alisema.

Kwa Muda alifungua kinywa aseme kitu cha kiume, kikatoka kilio. Alilia akicheka, akapiga sakafu kwa kiganja, akanyoosha mikono kuelekea bati lake kama mtu aliyefunga goli. "Kikavu!" alipaza sauti, na mteja wa nusu kichwa, aliyekuwa amefika mlangoni akihema, akapiga makofi bila kujua anapigia nini.

Hapo shemeji akatoka kibarazani kwa jirani, alikokuwa amejikinga mvua, cherehani kichwani, imefunikwa nailoni.

"Jamani, niiweke wapi? Shingo inakatika!"

Kwa Muda aliitazama cherehani, akamgeukia mkewe.

"Umekuja nayo kabisa? Kabla hujajua kama linavuja?"

"Nilisikia umeirudisha lami dukani," mkewe alisema. "Nikafunga mizigo."

"Na kama lingevuja?"

Mkewe alikunja kitambaa, akakiweka mapajani, akamfuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Tungeweka beseni," alisema. "Kwa muda."