Kicheko cha Pampu

Marehemu alikuwa akiitwa Pampu, na si kwa sababu alifanya biashara ya baiskeli. Alikuwa mpiga video wa harusi. Jina lilitokana na kicheko chake. Kwanza alivuta hewa ndefu, fyuuuu, mabega yakapanda mpaka masikioni. Akatulia hapo kidogo, mpaka walio karibu wakaanza kumhofia. Halafu hewa yote ikatoka kwa mafungu, he! he! he!, huku akijipiga paja. Mkewe, fundi cherehani, aliishi na pampu hiyo ujana wake wote na nusu ya uzee, na ukiacha kushona, kazi yake kubwa katika ndoa ilikuwa kumpiga mumewe kiwiko cha mbavu ili anyamaze.

Sasa alikuwa amenyamaza. Nyumbani kulikuwa na rafu nzima ya kanda za harusi za watu, na katika kanda zote hizo Pampu hayumo. Mpiga picha hajipigi. Mabibi harusi wamo, mashangazi wenye vigelegele wamo, hata yule mlevi aliyekalia keki yumo. Pampu alikuwa nyuma ya kamera, na akiwa kazini alitulia kama maji mtungini. Sauti yake ilibaki mahali pamoja tu: ndani ya *Tumekuja Kuuliza Tu*.

Hiyo ilikuwa filamu ya zamani ya vichekesho vifupi vifupi. Ilionyeshwa katika ukumbi mmoja wenye viti vya mbao, wakaiona watu wachache, na hao wachache wakawa kama waliopata dini. Kulikuwa na mtu aliyekwenda kushtaki kwamba ameibiwa mlango, naye polisi akamwambia akitoka aufunge. Kulikuwa na karani wa dirishani aliyemwambia mtu aliyesimama peke yake, "Nenda nyuma ya foleni." "Foleni ni mimi," mtu akasema. "Basi simama nyuma yako." Na yule bwana akajaribu.

Mikanda ya filamu yenyewe iliozea stoo kwa unyevu. Kilichopona ni nakala ambayo Pampu, kwa ruhusa ya wenyewe, aliipiga ukumbini kwa kamera yake ya harusi, akiwa amesimama kando yake anacheka. Nakala ikazaa nakala, zikaingia majumbani. Na kwa kuwa alikwisha kuiona filamu mara nyingi mno, Pampu alicheka kabla ya kichekesho kufika.

Mwaka mmoja baada ya msiba, mdogo wake Pampu, mwenye duka la filamu, akaamua kuitoa kwenye diski, yenye jalada la rangi na kila kitu. Yule mwigizaji aliyekuwa Karani, ndiye mwenye filamu, akakubali. Huyo mdogo wa Pampu, shemeji wa mjane, hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Kitu kikimfurahisha alisema tu, "Inachekesha," kwa uso wa mtu anayesoma bei.

"Karibu, shemeji," alimwambia mjane siku alipomwita chumba cha nyuma ya duka, kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili kumeza mwangwi. "Kaa usikie maajabu."

Fundi wa sauti, mwanamke mwenye visikilizio shingoni, akabonyeza. Karani akatokea, safi kama aliyeogeshwa. "Nenda nyuma ya foleni," akasema. Mjane akasubiri fyuuuu. Haikuja.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani?"

"Kaka yako."

Shemeji akajikohoza. "Tumesafisha, shemeji."

"Na haikuwa kazi ndogo," fundi akadakia kwa fahari, bila kujua anaongea na nani. "Yule mzee wa pampu alikuwa kila mahali, kama mchanga kwenye unga. Na yule mama mkali nimemtoa pia."

"Mama gani mkali?"

"Si yuko mmoja kila baada ya kicheko anafoka, 'Nyamaza wewe, unatuaibisha!' Sauti kama msumeno!"

Mjane akaangalia viatu vyake. Shemeji akaangalia dari. Fundi akamtazama huyu, akamtazama yule, kisha akavua visikilizio polepole kama mtu anayevua kofia msibani.

"Pole, mama," akasema. "Ya msiba. Na ya msumeno."

"Mrudisheni," mjane akamwambia shemeji yake. "Sina sauti yake kwingine."

"Watu wananunua filamu, shemeji, hawanunui kaka yangu. Wewe umeolewa na kicheko kile, mimi nimezaliwa nacho. Mwalimu alitufukuza darasani sote wawili kwa pampu ya mmoja! Nimeaibika vya kutosha."

Fundi, aliyetaka kufuta kosa lake, akasema hakuna alichokitupa. Alichokitoa alikuwa amekihifadhi, angeweza kumpa mama kicheko peke yake akasikilize nyumbani. Akakicheza. Chumba kikajaa fyuuuu na he! he! he!, bila Karani, bila foleni, bila chochote. Ilikuwa kama mtu aliyekabwa na mfupa katika nyumba tupu.

Mjane alijikaza kisabuni. "Zima, mwanangu. Hivyo ni kama mwendawazimu. Anacheka nini? Anacheka na nani? Mimi namtaka palepale alipokuwa."

Wakavutana mpaka shemeji akachoka. Jumamosi alikuwa amewaalika wapenzi wa zamani wa filamu waje kuionja dukani. "Wakiipenda hivi ilivyo safi, inakwenda kiwandani. Wakilalamika, namrudisha. Lakini nani hulalamikia usafi?"

Jumamosi mchana walikuja. Mwalimu mstaafu alikuja, na muuguzi, na mwoka mikate mwenye unga kwenye nyusi. Karani mwenyewe alikuja na tai yake ya kwenye filamu, ambayo sasa ilimfika kifuani tu kwa sababu shingo ilikuwa imenenepa. Mjane akakaa kiti cha nyuma, mkoba magotini. Alikuwa ameapa hatasema neno.

Filamu ikaanza. Mtu wa mlango akashtaki mlango. Polisi akasema akitoka aufunge. Watu wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Midomo ilikuwa wazi, mabega yamepanda nusu, kama watu walioalikwa kupiga chafya ikagoma.

"Mbona kama imepungua kitu?" muuguzi akanong'ona.

"Chumvi," mwoka mikate akasema.

Karani alianza kulowa jasho. Akajiona kwenye skrini akisema, "Nenda nyuma ya foleni," na kimya kikamjibu. Akageuka kitini. "Jamani, nilikuwa mbaya hivi?"

Mwoka mikate hakuvumilia. Hata kabla yule bwana hajasema foleni ni yeye, alivuta hewa kwa nguvu zake zote. Fyuuuu. Mwalimu mstaafu akainua kidole kama aliye darasani, naye akavuta. Wakavuta wote, duka zima, wakatulia hapo juu, mabega masikioni, wakimsubiri Karani. "Basi simama nyuma yako." He! he! he! Mapaja yakapigwa kwa pamoja. Na kabla mapaja hayajatulia, muuguzi na wanawake wenzake wakafoka kwa sauti moja:

"Nyamaza wewe, unatuaibisha!"

Mjane alishika mkoba wake kama unataka kuruka. Hakuwahi kujua kwamba katika nyumba za watu asiowafahamu amekuwa akigombana na mumewe miaka yote hiyo, na watu wamejifunza ugomvi wao kwa moyo.

Ndipo likatokea jambo. Mbele, kando ya mashine, palisikika fyuuuu moja iliyochelewa. Haikuwa ya kuigiza. Ilikuwa nyembamba, yenye kutu, kama pampu iliyosahauliwa stoo. Watu wakageuka. Shemeji alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, mabega yako masikioni na hayashuki.

"Achia, shemeji!" mjane akamwambia kutoka nyuma. "Achia, utapasuka!"

Akaachia. He! he! he! Akajipiga paja, akampiga na Karani, akaanguka kwenye rundo la majalada ya diski. Alicheka mpaka machozi, na machozi yalipoanza hayakuwa ya kicheko tena, akabaki palepale chini akijifuta kwa jalada. Hakuna aliyemcheka.

Fundi wa sauti alisogea akainama karibu na mjane. "Mzee anarudi," akasema. "Na yule mama mkali? Nimwache nje?"

"Mrudishe," mjane akasema. "Bila yeye huyo bwana hatakoma."

Diski ya kwanza ililetwa nyumbani kwa mjane, ikiwa bado inanuka kiwanda. Alisogeza kitambaa alichokuwa akikishona, akaketi kwenye kochi, upande wake uleule wa kushoto. Karani akafungua dirisha. Mtu wa foleni akakaribia peke yake. Mahali fulani gizani, kando ya kamera, hewa ikaanza kuvutwa, fyuuuu, na kiwiko cha mjane kikatoka chenyewe, kikapiga mto.