Mabeseni ya Mama Vyumba

Mama Vyumba alikuwa na maadui wawili duniani: usubi na wifi yake. Usubi ulimuuma alfajiri na jioni. Wifi hakuwa na saa maalumu.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya wageni, karibu na ziwa, yenye vyumba vya watu wanaokuja kupumzika. Marehemu mume wake aliirithi pamoja na dada yake, ndiye huyo Wifi, aliyekaa ng'ambo ya ua na ng'ombe wake. Mume alipokuwa hai hapakuwa na neno. Alipozikwa tu, maneno yakaanza.

Na msimu uliopita ndio uliotia mambo doa. Wageni wanakaa barazani jua likipungua, wanamimina chai, na kabla chai haijapoa wameshaanza kujipiga makofi kama watu waliopandwa na kichaa. Wadudu wadogo mno, jamani, wanapenya chandaruani utafikiri wamefunguliwa mlango! Mwalimu mstaafu, mgeni wa kila mwaka, alifungasha kabla ya likizo kwisha, mjukuu wake miguu imevimba. Hakugomba. Aliaga kwa upole, na upole ule ulimchoma Mama Vyumba kuliko tusi.

Wifi hakuchelewa. "Wifi yangu, tuseme ukweli. Nyumba imeshindwa. Kuna mfanyabiashara anataka ghala la saruji. Mifuko ya saruji haijikuni."

"Nyumba hii haiwi ghala mimi nikiwa hai."

"Haya, tukubaliane. Mwalimu akija tena, akakaa mpaka mwisho wa likizo yake, nafunga mdomo wangu. Akikimbia, funguo unanipa."

"Nimekubali!" Mdomo wa Mama Vyumba ulikuwa na tabia ya kutangulia, akili ikafuata nyuma inahema.

Akaanza vita. Alichoma majani kwenye pipa mpaka wapangaji wa chumba cha pembeni wakatoka nje wanakohoa. Alimwita fundi wa dawa, akapiga bomba lake kuta zote, paka akapiga chafya siku nzima. Haukupita muda, usubi ukarudi kama uliokwenda kuvuta pumzi tu.

"Mama, mimi nakudanganya nikiendelea kupuliza," fundi alisema akivua barakoa. "Leo naua hawa, kesho wanazaliwa wengine. Tafuta wanapozaliwa. Wanapenda tope lenye majani yaliyooza. Au mbolea mbichi."

Mbolea mbichi! Macho ya Mama Vyumba yaliruka ua yakatua kwenye zizi la Wifi. Moyo ukamcheka.

"Nitapataje ushahidi?"

"Chukua beseni jeupe, lipake mafuta ya kupikia kwa ndani, lifunike juu ya tope. Wakizaliwa wanaruka juu, wananasa. Liache siku kadhaa, halafu lifunue."

Hakuomba hata ruhusa. Alimkuta Wifi anakamua maziwa, akamfunikia beseni pembeni ya zizi mchana kweupe.

"Nini hicho?"

"Kesi yako."

Wifi alipoelezwa alisimama, ndoo mkononi. "Sawa. Ukipima kwangu, na kwako tupime. Weka kwenye matete ya ziwa. Weka kwenye mfereji wa jiko lako. Na uweke pale." Akanyoosha kidole.

"Pale?" Mama Vyumba alihamaki. "Pale ni pa kaka yako!"

Pale palikuwa mbele ya baraza. Marehemu alitaka wageni wakitoka ziwani waoshe mchanga kabla ya kuingia, basi akajenga pa kuoshea miguu kwa mikono yake, fundi mwashi hakuitwa, na ndiyo maana mawe yalikaa upande. Maji ya bomba yaliteremka kwenye kitalu cha maua ya majani mapana, kivulini. Tangu afariki, Mama Vyumba hakuruhusu mtu kupagusa. Kila jioni alifungua bomba mwenyewe, akasimama hapo mpaka kitalu kinywe kishibe. Majani yakianguka hayafagiliwi, maana marehemu alisema ni chakula cha maua. Mtunza bustani aliwahi kupeleka reki pale, akafukuzwa mpaka barabarani.

"Weka," alisema Wifi. "Au unaogopa?"

Kuambiwa anaogopa! Aliweka.

Asubuhi ya kufunua, Mama Vyumba alijifunga kibwebwe, akamwita Wifi ashuhudie aibu yake mwenyewe. Beseni la zizi: vidoa vichache, vya kutafuta kwa jicho moja. Akaligeuza mara mbili, akalikung'uta, wapi. La matete hivyo hivyo. La mfereji wa jiko lilikuwa na vidoa vingi kidogo. Likabaki la mwisho. Aliliinua kwa haraka, kama mtu anayetimiza wajibu tu.

Ndani palikuwa peusi. Mafuta yote yalijaa vidudu, vingine bado vinatikisa mabawa.

Wifi hakucheka. Afadhali angecheka.

"Ni mimi," Mama Vyumba alisema. "Kila jioni nafungua bomba. Nimeufuga mimi, kwa mkono wangu."

Aliliweka beseni chini, akaenda stoo, akarudi na jembe.

"Unataka kufanya nini?" Wifi aliuliza.

"Navunja."

"Thubutu!" Wifi alipanda juu ya mawe, akatanua mikono. "Kaka yangu alijenga hapa!"

"Wewe? Wewe uliyetaka kurundika saruji sebuleni kwake, leo unalilia tope?"

"Nyumba ilijengwa na baba," Wifi alisema, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Alichojenga yeye ni hiki tu. Natazama hapa kila nikikamua. Hukujua?"

Hakujua. Miaka yote ile ya kutupiana maneno juu ya ua, hakujua. Lakini jembe hakulishusha.

"Wifi, sikiliza. Yeye alijenga hapa wageni wakae kwa raha. Mimi nimepageuza kaburi, na kaburi lenyewe nikalimwagilia maji mpaka likafukuza wageni wake. Shuka."

"Sishuki."

"Basi nachimba na wewe ukiwa hapo hapo."

Jembe lilikwenda juu. Wifi alimjua wifi yake. Alishuka.

Alichimba peke yake, analia na kugombana na mizizi. Mawe aliyapanga kando, tope jeusi akalitandaza juani likauke. Shimo alilijaza kokoto, maji ya jiko akayatia kwenye bomba yakaishie mbali, chini ya mfuniko. Barazani alifunga feni kubwa, maana usubi hauna nguvu ya kushindana na upepo, na madirishani akashona kitambaa ambacho tundu zake alizipima kwa sindano nyembamba. Watu walisema Mama Vyumba amechanganyikiwa. "Waambieni nimechanganyikiwa vizuri," alijibu.

Mwalimu alikuja. Jioni ya kwanza Mama Vyumba alisimama na birika, na ng'ambo ya ua Wifi alisimama pia, anasikilizia kofi. Jua lilizama. Mjukuu akajikuna goti. Kumbe ni kidonda cha kuanguka.

Mwalimu akaomba chai ya pili.

"Mama, na pale pa kuoshea miguu?"

"Nimepavunja, Mwalimu."

"Aisee. Palikuwa pazuri."

"Palikuwa pazuri sana," alisema, na hakujificha kulia.

Likizo ilikwisha na Mwalimu yupo. Jioni ya mwisho Wifi aliingia getini, beseni jeupe mikononi, lina maji safi. Alilitua chini ya baraza.

"Wageni wako wanaingia na mchanga," alisema bila kumtazama. "Waoshe humu, halafu maji ukamwage juani."

"Anza wewe. Una mavi ya ng'ombe mpaka kifundoni."

Wifi alikaa kwenye ngazi mpya ya baraza, akatumbukiza miguu. Kisha akaipapasa ngazi kwa kiganja, polepole. Aliyajua mawe yale.

"Yamekaa upande," alisema.

"Na hayanyooshwi," alijibu Mama Vyumba, akakaa pembeni yake.